Taka za Mitoni: Kutoka Mifereji ya Tukuyu hadi Ziwa Nyasa

Mvua za kwanza za mwisho wa mwaka zikisha kunyesha katika milima ya Rungwe, mtu asimamaye ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema au karibu na midomo ya mito ya Kyela, huuona mstari wa takataka uliochorwa na mawimbi mchangani. Sehemu kubwa ya mstari huo ni vijiti, mabua, matete na vipande vya migomba. Lakini katikati yake mna vitu vya namna nyingine: vizibo vya plastiki, kandambili isiyo na mwenziwe, nyuzi za mfuko wa salfeti, kichungi cha sigara, karatasi ya biskuti ing'aayo kama siku ilipotoka dukani. Vingi vya vitu hivyo havikutupwa hapo ufukoni. Vimeshuka na maji kutoka juu, kutoka masoko, vituo vya mabasi, mashamba na nyumba za Tukuyu, Kiwira na vijiji vya Rungwe.

Mtazamaji mwangalifu aweza kujiuliza swali moja dogo. Kila kizibo kiliuzwa pamoja na chupa yake. Kizibo kimefika; chupa iko wapi? Swali hilo laonekana kama la mchezo, lakini jibu lake hueleza mengi kuhusu taka za majini: aina zake, mwendo wake, na mahali zinapoishia.

Mteremko wa mita elfu moja

Mji wa Tukuyu umejengwa katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko katika kimo cha mita 475 hivi. Umbali kati ya mji na ncha ya kaskazini ya ziwa, ukipimwa kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 40 na ushei tu. Katika umbali huo mfupi maji hushuka kiasi cha mita 1,000. Tena maji yenyewe ni mengi. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali Dodoma haipati hata theluthi ya kiasi hicho. Mvua nyingi, mteremko mkali na udongo mwepesi wa asili ya volkano ndivyo vilivyoifanya nchi hii kuwa ya migomba, chai, kahawa na parachichi. Na ndivyo hivyo hivyo vinavyoifanya mito yake, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, kuwa wachukuzi wenye nguvu.

Wanafunzi waliotembelea Daraja la Mungu, ambapo Mto Kiwira hupita chini ya mwamba, au waliofika Kijungu, ambapo mto huohuo huingia katika shimo la mwamba lililochimbwa na maji mfano wa chungu, hawahitaji kuelezwa nguvu hiyo. Maji yawezayo kuchimba mwamba hayashindwi na chupa.

Lakini nguvu hiyo haifanyi kazi kwa kiasi kilekile mwaka mzima. Kati ya Agosti na Oktoba mvua hupungua, na mifereji ya barabarani hugeuka kuwa ghala. Kitu kilichotupwa mwezi wa Agosti hukaa palepale, kikifunikwa na vumbi na majani. Mvua kubwa ya kwanza ikija, ghala lote hufunguliwa kwa siku moja. Ndiyo sababu maji ya mafuriko ya kwanza katika msimu huwa na taka nyingi kuliko mafuriko makubwa zaidi ya mwezi wa Machi au Aprili. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa kuwa tutalirudia.

Kilichobadilika ni kitu, si mkono

Husemwa mara nyingi kwamba watu wa siku hizi ni wachafu kuliko wazee wao. Hakuna haja ya kuamini hivyo. Mzee wa zamani aliyekwenda sokoni alifungiwa nyama au samaki katika jani la mgomba, na alipofika nyumbani alilitupa nje ya mlango bila kufikiri mara mbili. Jani lile lilikuwa chakula cha kuvu na bakteria, na baada ya majuma machache lilikuwa udongo. Mjukuu wake hufanya tendo lilelile, lakini kitu kilichomo mkononi mwake si kilekile.

Hata vyombo vilivyovunjika havikuwa na madhara makubwa. Wakisi wa Ikombe, kando ya Matema, wamefinyanga vyungu na kuviuza sokoni kwa vizazi vingi. Kigae cha chungu hakiozi. Aweza mtu kukiokota ufukoni bila kujua kama kina umri wa miaka kumi au mia. Lakini kigae ni udongo uliochomwa. Huzama, hulala kati ya mawe, na kwa samaki hakina tofauti na jiwe. Kwa hiyo kudumu kwa kitu majini peke yake si hatari. Hatari huja pale kitu kinapodumu na wakati huohuo kikawa chepesi cha kusafiri, chepesi cha kunasa, au kikawa kinavunjika kuwa chembe zinazolika.

Vitu vya namna hiyo ni vigeni sana duniani. Polietilini, ambayo hufanyiwa mifuko, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Chupa ya plastiki ya soda, ya aina iitwayo PET, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1973. Hapa yafaa kutoa tahadhari kuhusu mabango yasemayo kwamba chupa ya plastiki huoza kwa miaka 450. Hakuna aliyewahi kuingoja. Chupa iliyo kongwe kuliko zote haijafikisha miaka 60. Tarakimu za mabango ni makisio tu, na mwalimu afadhali awaambie wanafunzi wake hivyo. Kilicho hakika ni kwamba viumbe wadogo waozeshao jani la mgomba hawana njia ya haraka ya kuzimeng'enya plastiki hizi, na kwamba jua huzivunja vipande bila kuzimaliza.

Taka zenyewe

Mwaka 1986 watu waliokuwa wakisafisha pwani ya Texas, Marekani, waliamua kwamba wasiokote tu bali waandike pia kila walichokiokota. Desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Kwa zaidi ya miaka 30 kilichoongoza katika hesabu hizo kilikuwa kichungi cha sigara. Katika hesabu ya mwaka 2019 vifungashio vya vyakula vikakipita. Pamoja na hivyo huja chupa za vinywaji, vizibo, mirija na mifuko. Karibu vyote ni vitu vitumikavyo kwa dakika chache.

Mito ya Rungwe ina sehemu ya taka hizo, lakini ina na zake zinazotokana na maisha ya wilaya. Ya kwanza ni mabaki ya shamba. Mifuko ya mbolea na ya viazi, ambayo watu huiita salfeti, husukwa kwa nyuzi bapa za polipropilini. Ikiachwa juani hukauka, na nyuzi zake huanza kukatika. Mfuko mmoja hutoa maelfu ya nyuzi. Mbaya zaidi ni chupa na pakiti za dawa za mimea. Katika maeneo ya viazi kama Isongole, ambako ubaridi na unyevu huleta ugonjwa wa kuoza majani, mkulima hulazimika kupulizia dawa mara kwa mara, na maji ya kuchanganyia hupatikana mtoni. Pakiti ikitupwa palepale, mabaki ya sumu huingia katika maji ambayo mtu wa kijiji cha chini ameyawekea ndoo.

Ya pili ni nepi za kutupa, ziitwazo pampasi. Hizi hazizungumzwi sana, labda kwa aibu, lakini ni miongoni mwa taka za mitoni zilizo mbaya kuliko zote. Nepi moja ina ngozi ya plastiki, pamba ya selulosi, na punje za kemikali zinazonywa maji mara nyingi kuliko uzito wake na kuvimba kama uji mzito. Juu ya hayo ina kinyesi. Mahali pengi kusini na mashariki mwa Afrika iko imani kwamba kuchoma nepi kutamdhuru mtoto aliyeivaa, na kwa hiyo mama ambaye hawezi kuichoma, na ambaye hakuna gari la taka lipitalo mlangoni pake, huiachia maji. Kumlaumu mama huyo hakutoshi. Mtu apewe kwanza mahali pa kuitupa. Lakini kipindupindu na homa ya matumbo havijali ni nani wa kulaumiwa.

Ya tatu hutoka ziwani kwenyewe, nayo ni nyavu. Wavu wa nailoni uliokatika huendelea kuvua bila mvuvi. Samaki aliyenaswa hufa, huoza, huvuta wengine, nao hunaswa. Vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa kuwa kokoro vina madhara ya ziada, kwani matundu yake hayamwachi hata mtoto wa samaki.

Zimo pia taka zilizokwisha pigwa marufuku. Vipakiti vya pombe kali vilivyoitwa viroba vilikatazwa tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikatazwa Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, baada ya Zanzibar kutangulia mwaka 2006. Marufuku hizo zimepunguza mno taka mpya za aina hizo. Lakini kitu kilichozikwa katika kingo za mto kabla ya sheria hakisomi gazeti la serikali. Kingo zikimomonyoka, kiroba cha mwaka 2015 huanza safari yake leo.

Jinsi mto unavyochambua

Sasa turudi kwenye kizibo. Kila mwanafunzi wa jiografia anajua kwamba mto huchambua mawe: majabali hubaki juu, kokoto hufika katikati, mchanga na tope hufika uwandani. Mto huchambua taka kwa namna hiyohiyo, ila hapa kinachopimwa zaidi ni densiti, yaani uzito wa ujazo mmoja wa kitu. Maji yana densiti ya gramu 1 kwa sentimita ya ujazo. Polipropilini ina 0.90 hivi na polietilini kati ya 0.91 na 0.97; hizi huelea. Plastiki ngumu ya polistairini ina 1.05, nailoni 1.14, PET 1.38; hizi huzama. Kioo kina 2.5 na alumini 2.7.

Chupa ya soda ni PET. Kizibo chake ni polietilini au polipropilini. Chupa iliyofungwa kizibo imejaa hewa, na hivyo huelea kama mtumbwi. Lakini ikitupwa bila kizibo, au ikigongwa na mawe ya Kiwira hadi kizibo kikatoka, hujaa maji na kuzama, hali kizibo huendelea na safari juu ya maji. Kizibo hufika Matema. Chupa imelala mahali fulani njiani, chini ya jiwe au ndani ya tope, au imefika ziwani ikizama. Yafaa kuongeza kwa haki kwamba si kila chupa isiyoonekana imezama: nyingi huokotwa na watu wakatia asali, mafuta ya taa au maziwa.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila maabara. Mwalimu akate kipande kidogo cha chupa ya maji, cha kizibo chake, cha mfuko, cha kitana na cha uzi wa nyavu, avitie katika bakuli la maji. Kila kipande kisukumwe chini kwa kidole, na tone la sabuni litiwe, kwa sababu vipovu vya hewa na utando wa uso wa maji huweza kukielea kipande ambacho kwa haki kingezama. Kipande cha kizibo na cha mfuko vitapanda juu. Kisha chumvi itiwe na kukorogwa hadi isiyeyuke tena. Maji hayo ya chumvi hufikia densiti ya 1.2, na hapo uzi wa nailoni, pamoja na kitana kama ni cha polistairini, navyo hupanda. Kipande cha chupa hubaki chini. Maji ya bahari yana 1.025 tu, kwa hiyo mambo yatokeayo Ziwa Nyasa hayatofautiani sana na yale ya pwani ya Dar es Salaam, ambako Mto Msimbazi hufanya kazi ileile ya uchukuzi.

Fundisho la kisayansi lililomo humo ni kwamba taka zionekanazo ufukoni si sampuli ya haki ya taka zilizotupwa. Ni sehemu ieleayo tu. Mtu akisafisha ufuko na kuhesabu alichokiokota, amehesabu kandambili, vizibo na mifuko. Hakuhesabu chupa zilizozama, nyavu, betri za tochi, nepi zilizojaa maji, wala kile kilichobaki katika uwanda wa Kyela. Uwandani hapo mteremko huisha, mito hupunguza mwendo, na wakati wa masika hufurika hadi mashambani. Kama vile inavyoutua mchanga wake, ndivyo inavyotua taka zake katika mashamba ya mpunga.

Ziwa lisilojisafisha

Watu wengi hudhani kwamba ziwa kubwa hujisafisha lenyewe. Ziwa Nyasa ni kubwa kweli: urefu wake ni zaidi ya kilomita 550, na kina chake hufika takriban mita 700. Lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Mto Shire ulioko mwisho wa kusini, nchini Malawi, mbali kabisa na midomo ya Kiwira na Mbaka. Karibu sehemu nne kati ya tano za maji yanayolitoka ziwa hili hazipiti katika mto huo. Hupaa kuwa mvuke. Tangu mwaka 1915 hadi 1935 usawa wa ziwa ulikuwa chini kiasi kwamba Shire haukutoa maji ya ziwa hata kidogo. Mvuke hauchukui plastiki. Maji hupanda mbinguni, na kilichokuwa ndani yake hubaki.

Tena chini ya mita 250 hivi maji ya ziwa hili hayana oksijeni, kwa kuwa tabaka za juu na za chini hazichanganyiki vya kutosha. Huko hakuna mwanga, hakuna mawimbi, na uozaji wenyewe ni wa polepole. Kitu kifikacho huko huzikwa na tope. Ziwa dogo la Masoko, lililo katika kreta kusini ya Tukuyu, laonyesha jinsi tope la ziwa lilivyo mtunzaji mwaminifu: wanasayansi wamechimba tope lake wakasoma humo habari za hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka. Katika ziwa hilohilo husimuliwa kwamba askari wa Kijerumani walitosa mali na silaha zao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na sarafu za enzi hiyo zimepata kuopolewa na wenyeji. Zaidi ya miaka mia imepita, na zingali sarafu.

Zile zieleazo hazizami mapema, lakini nazo hubadilika. Miali ya jua ya urujuanimno hukata minyororo ya molekuli zake. Plastiki hupauka, hupasuka, na mawimbi huimenya kuwa chembe. Chembe hizo zikifikia ukubwa wa viumbe wadogo waeleao majini, samaki kama usipa, ambaye chakula chake ni viumbe hao, hana njia ya kuzichagua. Kwa upande wa Ziwa Victoria, taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilieleza uchunguzi wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa Mwanza: plastiki ilithibitishwa matumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili.

Yuko samaki mmoja ambaye kwake hatari hii si ya ziwani bali ya mtoni. Mbasa, samaki mkubwa wa rangi ya fedha apendwaye sana na wenyeji wa ziwa hili, huacha maji ya ziwa wakati wa mvua akapanda mitoni kutaga mayai katika changarawe safi. Yai lililo kati ya changarawe huvuta oksijeni kutoka maji yapitayo kati ya mawe. Tope kutoka mashamba ya miteremkoni na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito vimekwisha kumpunguza sana samaki huyu. Karatasi ya plastiki iliyolala juu ya changarawe hufanya kazi ileile ifanywayo na tope: huziba. Na mbasa hupanda wakati uleule ambao mvua zinafungua lile ghala la mifereji.

Kwa ajili hiyo mahali pa kuzuia taka hizi si Matema. Huko sehemu ieleayo tu ndiyo ipatikanayo, nayo imekwisha tawanyika katika kilomita nyingi za mchanga. Mahali penyewe ni mfereji na kalavati, kabla mto haujachambua kitu, ambapo chupa na kizibo chake vingali pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kataza shughuli za kudumu zenye kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi yake hapohapo Tukuyu. Lakini mifereji ya mjini haimo katika mita 60 za mto wowote, ingawa yote huishia mtoni.

Shule iliyo jirani na kalavati yaweza kufanya jambo ambalo halihitaji fedha. Wavu wa waya, wenye matundu ya ukubwa wa kidole gumba, ufungwe mdomoni mwa mfereji, usiwe mwembamba zaidi ya hapo ili usizibwe na majani na kuleta mafuriko barabarani. Mfereji wenyewe ufagiliwe mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, maana kazi ya siku hiyo moja huondoa taka za miezi mitatu. Kilichopatikana kichambuliwe kwa koleo au glavu katika mafungu mawili, vinavyoelea na vinavyozama, na kila fungu lihesabiwe na kupimwa uzito. Pakiti za dawa za mimea na nepi zisiguswe na wanafunzi. Shule ya Rungwe ikilinganisha hesabu zake na shule iliyoko kando ya ziwa huko Kyela, iliyohesabu mstari wa ufukoni katika juma la mvua za kwanza, tofauti kati ya orodha hizo mbili itaonyesha ni aina gani za taka zilizobaki njiani.